Kizibo Kilichotoka Mara Tatu

Benchi letu liko nje ya kibanda cha fundi viatu, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali, na mimi ninayeuza kahawa hapo naitwa Shangazi hata na walionizidi umri. Asubuhi ile walikuwa watatu: Gundi, yaani fundi viatu mwenyewe, Honi, dereva wa lori asiyejua kuongea taratibu, na Bomba, fundi wa mabomba, aliyefika amenuna. Bintiye wa miaka minane alikuwa amezibwa gego moja, jino la utotoni, na kizibo kimetoka tena.

— Mara ya tatu, Shangazi! Bomba akaniambia hata kabla hajaketi. Kile cheupe, wanachokigandisha kwa taa ya buluu. Kimetoka akinywa uji. Kesho nampeleka ling'olewe, yaishe.

— Uji? Honi akapayuka. Angekula mfupa ningeelewa, lakini uji!

Gundi alikuwa na kiatu mapajani. Akakiweka chini.

— Walipiga msasa kwanza?

— Msasa kwenye jino la mtoto?

— Kitu hakishiki pasipokwaruzwa, bwana. Mimi soli naikwaruza, naipaka, naisubiri, ndipo naibana. Wangeniletea mimi huyo mtoto...

— Umbane taya kwenye jiliwa kama kipande cha chuma? Bomba akamaka.

— Kidogo tu. Kwa adabu.

Honi akatikisa kichwa kama mtu anayewahurumia.

— Nyie hamjaelewa. Jino la utotoni ni mpangaji aliyepewa notisi. Linajua linahama. Sasa nani anapaka rangi chumba anachohama? Linakitema hicho kizibo makusudi.

— Kwa hiyo jino lina akili?

— Mchana kimya, watu wakilala ndiyo linauma. Hiyo si akili ni nini?

— Mimi nasema ni mate, Bomba akasema. Bomba linalovuja huwezi kuliziba kabla hujafunga koki.

— Basi ifunge koki ya mate! Iko wapi?

Gundi akajipapasa nyuma ya sikio. Honi akaapa kwamba iko kisogoni, ndiyo maana mtu akipigwa kisogo mdomo hukauka, akainuka ili atuonyeshe kwa kisogo cha Gundi. Gundi akaokota nyundo. Honi akaketi.

Dada mmoja mwenye sare ya kijani, mgeni kwetu, alikuwa amesimama akisubiri kikombe chake. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

— Samahani, kaka zangu. Mimi niko kliniki ya meno ya watoto. Huyu kaka wa mabomba hajakosea, ni mate. Jino likilowa hata tone kabla ya kupigwa taa, kizibo hakishiki sawasawa. Kuna kipande cha mpira tunalivisha jino ili libaki kavu. Mtoto akitulia, kizibo kinaweza kukaa mpaka jino ling'oke lenyewe.

— Wangu hatulii, Bomba akasema. Anatupa kichwa, analia kama king'ora. Mpira huo hawakuuweza.

— Pole. Na mara zote tatu, nani alikuwa amemshika mkono?

Bomba, mtu anayeingia kwenye mashimo ya maji machafu huku anapiga mluzi, aliweka kikombe chake chini.

— Huwa nakaa nje, akasema mwishowe, polepole. Ile mashine siwezi kuisikia.

Dada hakumlaumu. Alimaliza kahawa, akaaga, akaenda zake.

Kesho yake Bomba alimpeleka bintiye, lakini si kung'oa. Aliingia naye ndani. Mpira ukavalika, jino likazibwa likiwa kavu, na mwezi huu unatimia mwaka mzima kizibo kipo palepale, kimepita uji, kimepita mahindi ya kuchoma.

Jioni ya siku ile jino lilipozibwa walipita kijiweni wote wawili, baba amelowa jasho shati zima. Honi akamwinamia mtoto, akamwuliza kwa sauti yake ileile ya lori:

— Haya mama, uliogopa?

— Nitaogopa saa ngapi? mtoto akajibu. Baba alikuwa amefumba macho. Mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza.