Mzee Gidioni Mtui na Nyumba Aliyoibomoa Bila Kuipima

Ndugu, jamaa na majirani mliopanda hadi hapa Marangu Mshiri leo, Jumatano tarehe 13 Agosti 2003, tunayemsindikiza ni Gidioni Eliona Mtui, mtoto wa tatu wa Mzee Eliona na Mama Ndekirwa. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, hatua chache kutoka hapa jeneza lilipo, ndani ya nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi na majani makavu ya mgomba. Ng'ombe walilala upande mmoja, watu upande wa pili, na jiko la mafiga matatu lilikuwa katikati. Nyumba hiyo haipo tena. Wengi wenu mmeikanyaga asubuhi hii bila kujua.

Alibatizwa akiwa na miezi mitano. Mwaka 1947 alianza shule ya misheni, akienda na kurudi kwa miguu kupitia njia ya mfereji, na dada yake Mektrida anakumbuka kwamba alichelewa karibu kila siku kwa sababu alihesabu hatua. Akifika alichapwa kwa kuchelewa, akirudi alimwambia mama yake shule iko hatua elfu mbili mia tatu na kumi. Alipomaliza shule ya kati mwaka 1955 alifanya kazi kwenye chama cha ushirika wa kahawa, akipima magunia, kisha mwaka 1959 akapata nafasi ya kusomea uchoraji ramani Dar es Salaam kwa miaka miwili. Alirudi Moshi Desemba 1961, mji mzima ukiwa bado kwenye shangwe za Uhuru, akiwa na sanduku la mbao lenye kalamu za wino na rula ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Eunike, binti kutoka kijiji cha Mamba. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mama Eunike anasema alipomchumbia hakumsifu uso wala mwendo. Alimwambia, "Kwenu mna mteremko mzuri, maji hayatuami." Wazee wa pande zote mbili walichukulia hiyo kuwa sifa tosha.

Alikuwa mchoraji ramani na mpimaji katika ofisi ya mipango miji ya Moshi kwa miaka thelathini na mbili. Aliijua Moshi ya miti ya jakaranda, ya filimbi ya treni iliyofanya watu warekebishe saa, ya harufu ya kahawa inayokaangwa ikishuka hadi stendi. Mwaka 1974, mshahara wake ulipokuwa mzuri, aliamua kumjengea mama yake nyumba ya matofali na bati. Akaja na vijana wanne, na kabla ya saa sita mchana msonge ulikuwa umelala chini. Nyasi zilichomwa, na mahali pake pakapandwa maharage. Mama Ndekirwa aliwapikia vibarua chai. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 1981, kila saa kumi jioni alitoka kwenye nyumba yake ya bati na kigoda mkononi, akakaa katikati ya maharage, mahali jiko lake lilipokuwa. Mzee Gidioni alimwona akikaa hivyo kila alipokuja nyumbani. Hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Mwaka 1991 ofisi yao ilitakiwa kuandaa orodha ya majengo na maeneo ya kale ya mji yanayostahili kulindwa. Ilikuwa ile miaka kila mtu anatafuta kiwanja. Mitumba imejaa sokoni, biashara zimefunguliwa, na nyumba za zamani zilikuwa zikianguka kila wiki kupisha maduka mapya. Orodha alipewa yeye kwa sababu alikaribia kustaafu na wenzake hawakuitaka. Aliipokea kama mtu aliyekuwa akiisubiri kwa miaka kumi na saba.

Kila mahali palihitaji mambo manne: mchoro wenye vipimo, mashahidi watatu wanaopakumbuka, mipaka iliyowekwa ardhini, na sahihi ya mwenye mali. Bila sahihi, jina halikuingia. Mzee Gidioni alitembea mji mzima na tepu yake. Aliandika kituo cha treni, mfereji mmoja wa kale, mvule mkubwa wa msitu wa Rau, na maduka yenye mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya baraza. Moja la maduka hayo, la mwaka 1934, lilikuwa la Mama Sulochana, mjane aliyeuza vitambaa. Lilikuwa dogo, hata utaifishaji wa majengo wa 1971 haukuligusa. Wanawe walikuwa wamehamia Kanada naye alikuwa akiwafuata, hivyo Mei 1992 alimuuzia Bwana Wenseslaus wa Kirua Vunjo, ambaye alitaka kuweka ghorofa tatu. Ubomoaji ulipangwa kuanza Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia Mzee Gidioni alikwenda kuweka mipaka, kama utaratibu ulivyotaka. Bikoni za ofisi, vile vyuma vya kuonyesha mipaka, zilikuwa zimekwisha, kwa maana kila chuma kilichochimbiwa mchana kilikuwa kwa wauza vyuma chakavu usiku wake. Kwa hiyo alikata masale hapa hapa kihambani, shambani kwa nyumbani, yale majani marefu tunayopanda mipakani tangu enzi za mababu, akayapanda manne, moja kila pembe.

Kila Mchagga aliyepo hapa anajua alichokosea. Isale kihambani ni mpaka. Lakini isale huwekwa pia penye kaburi la mzee, na isale hupelekwa kwa mtu unapomwomba msamaha, naye hawezi kukufukuza kabla hajakusikiliza. Jumatatu saa mbili asubuhi Bwana Wenseslaus aliingia ofisini.

"Shikamoo mzee. Nani amekufa kwenye jengo langu?"

"Marahaba. Hajafa mtu."

"Masale ni ya nini basi? Mafundi wamekaa kwenye matoroli tangu saa moja. Wanasema hawapigi nyundo mahali alipolazwa mtu."

"Ni mipaka tu, baba. Bikoni zimekwisha."

"Mzee Mtui, wewe umezaliwa Marangu au umeshuka na ndege jana? Unampandia mtu masale mlangoni, halafu unamwambia bikoni?"

"Nimekosea. Ninakiri."

"Basi twende ukayang'oe wewe uliyeyapanda."

Walikwenda kwa miguu. Mama Sulochana alikuwa barazani kati ya masanduku yake yaliyofungwa, akiwagawia mafundi chai ya tangawizi. Mzee Gidioni aliinama kwenye isale la kwanza, akalishika shina, akabaki ameinama.

"Mgongo, mzee?" fundi mmoja alimtania. "Tukuletee toroli?"

Alisimama bila kuling'oa. Akamwambia Bwana Wenseslaus, mbele ya wote, "Nimeshabomoa nyumba moja ya zamani. Ya mama yangu." Akasimulia ule msonge, chai ya vibarua, na kigoda katikati ya maharage.

Bwana Wenseslaus aliuliza, "Ilikuwa na upana gani?"

"Hicho ndicho sikijui. Nimepima nyumba za mji mzima. Ile sikuipima."

Mama Sulochana aligeuka, akagusa ukuta wa duka nyuma yake. Alisema baba mkwe wake aliupiga ukuta ule lipu ya chokaa iliyochanganywa na sukari guru. Yule fundi mtani akalamba kidole, akakipitisha ukutani, akakilamba tena.

"Haina utamu, mama."

"Mvua inaulamba miaka karibu sitini," Mama Sulochana alimjibu. "Wewe ulitaka ikubakishie?"

Walicheka, hata Bwana Wenseslaus. Aliwaruhusu mafundi waende nyumbani siku ile. Baada ya wiki mbili alirudi ofisini na mchoro mpya: ghorofa zilisogezwa nyuma, na duka la mbele lilibaki na baraza yake na mwaka wake. Akatia sahihi. Likaingia kwenye orodha namba kumi na saba. Mama Eunike akiulizwa kama yale masale kweli yalikuwa kosa hucheka na kusema, "Muulizeni mwenyewe." Sasa hatuna wa kumuuliza.

Alistaafu Juni 1993, orodha ikiwa na namba thelathini na tisa. Alirudi kihambani kwa kahawa yake na ng'ombe wawili, akawa mzee wa kanisa kwa miaka sita. Mwaka 2000 aligundulika kuwa na kisukari, na macho yakaanza kufifia. Ndipo alipofungua lile sanduku la mbao akaanza kuuchora msonge wa mama yake kwa kumbukumbu, dada yake Mektrida akiwa shahidi.

"Mlango ulitazama mferejini," alisema yeye.

"Ulitazama migomba," alisema dada yake. "Wewe ulilala na mbuzi, utajuaje mlango?"

Walibishana hivyo miezi minne, wakipima kwa kamba kati ya maharage, hadi Februari mwaka jana jembe la Mama Mektrida lilipogonga figa la kwanza. Mengine mawili yalikuwa karibu yake. Kutoka hapo katikati walipima kwa kamba hadi ukapatikana upana wote, na ikaonekana kwamba mlango ulitazama migomba. Alikubali kushindwa akiwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona kwake kwa muda mrefu. Mchoro ule hauwezi kuingia kwenye orodha ya mtu yeyote, kwa kuwa kisichokuwepo hakiandikishwi. Yeye ndiye aliyetueleza kanuni hiyo.

Mwezi Julai figo zilizidiwa. Alilazwa hospitali ya KCMC tarehe 21, na Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa tano asubuhi, alitutoka, mkewe akiwa amemshika mkono. Aliomba mambo mawili: jiko la mama yake lisichimbwe, naye alazwe nje kidogo ya mlango wa ule msonge.

Ameacha mjane, Mama Eunike. Dada, Mama Mektrida. Watoto watatu, Calvin, Hellen na Elifuraha. Wakwe wawili na wajukuu saba. Mama Sulochana ametuma salamu kutoka Toronto. Bwana Wenseslaus yupo nasi. Amekuja na masale manne aliyoyakata kwenye pembe za duka la 1934, na jana, akifuata mchoro wa marehemu, aliyapanda mwenyewe kuzunguka mahali msonge ulipokuwa.

Tunawaomba, baada ya kuweka udongo, mtoke kwa upande wa migomba. Mlango ulikuwa pale.

Mzee Gidioni, pumzika kwa amani mlangoni kwa mama yako.