Mafundo ya Leso ya Mama

Ndugu zangu, akina mama na wazee wa kanisa, asanteni kwa kunipa nafasi. Lakini naomba msinipigie makofi bado. Mara ya kwanza niliposimama hapa baada ya opareshoni yangu mlinipigia makofi mpaka pasta akawanyamazisha. Yale makofi yamekuwa yakiniuma, na leo nitawaambia kwa nini. Wenye watoto wanaolia msitoke nje, mimi sisumbuki.

Wengi mnanijua kwa kibanda changu cha nafaka hapa soko la Emali. Mnajua vile nilikuwa. Nilikuwa mtu wa kuvunja viti vya plastiki, na msicheke sana, kwa sababu kimoja kilikuwa cha hili kanisa. Nilikuwa na kisukari, nilikuwa na presha, na magoti yaliuma mpaka nikawa nauza ndengu nikiwa nimekaa, mteja anajipimia mwenyewe. Tulijaribu dawa, tukajaribu kujinyima, na mwishowe nikapelekwa Nairobi nikapunguzwa tumbo. Walikata sehemu kubwa, ikabaki kidogo ya kushika vijiko vichache tu vya chakula.

Kabla sijatoka wodini walinikalisha chini wakaniambia kwamba kisu kimemaliza kazi yake, na sasa kazi ni yangu, ya kila siku, mpaka kufa. Nianze na yai, nyama ama maharagwe kabla ya kugusa ugali. Nitafune polepole. Nisinywe maji pamoja na chakula. Nimeze vitamini bila kukosa, nitembee, nirudi kliniki. Halafu wakaniambia vitu vitamu vinavyoteleza ni adui, kwa sababu tumbo dogo linazuia ugali lakini haliwezi kuzuia soda. Hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja.

Mama yangu alifunga nyumba yake kule kijijini Kabati akaja kunitunza. Alijifunza yale masharti kuliko mimi. Alinipikia yai, akanisagia ndengu, akanipa chakula kwa kile kisahani cha kikombe cha chai. Jioni alinishika mkono tukatembea mpaka kwa reli na kurudi. Mwaka wa kwanza nilipungua, ninyi ni mashahidi. Sukari ikashuka, magoti yakanyamaza, nikashonewa nguo mpya, nikaja hapa nikashuhudia. Sikusema habari ya Mama hata neno moja. Nilisimama kama mtu aliyejipunguza peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mwaka wa pili kijana wangu wa kwanza alitaka kuoa. Wageni wetu ambao si Wakamba niwaeleze kidogo: sisi hupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana, tunaita ntheo, ndiyo ijulikane huyo msichana ameshapata kwao. Mama akasema mbuzi wa mjukuu wake hawatatembea bila asali, kwa sababu hata yeye alipotolewa ntheo asali ilikuwepo. Akaenda Kabati kwa ndugu yake anayefuga nyuki, akarudi na jerikeni nzima. Alipoifungua aliniita. "Onja uone kama wameitia maji."

Nikaonja. Haikuwa na maji.

Siku iliyofuata nilipita stoo kuchukua gunia, nikaonja tena. Nilisimama, kidole kimoja, nikatoka. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na hilo neno ndilo lililonimaliza: naonja tu. Kula ni kukaa na sahani, si ndiyo? Mimi sikukaa na sikuwa na sahani. Mezani nilikuwa nakula vijiko vyangu vichache kama malaika, Mama anafurahi. Halafu naingia stoo na kikombe. Ilikuwa inateleza tu, vile walivyoniambia. Saa zingine nilitoka jasho jembamba, moyo ukidunda, nikasema ni joto la Emali. Zile nguo mpya zikaanza kunibana, nikasema fundi alikosea.

Ile jerikeni ikawa nyepesi. Mume wangu aliinyanyua siku moja akauliza, "Hii asali imeenda wapi?"

Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, mimi nikamgeukia Mama nikasema, "Mwaitu, labda ulimpimia mtu ukasahau."

Yalitoka yenyewe. Sikuwa nimeyapanga. Mama akaniangalia, akafikiria, akasema, "Labda."

Ndugu zangu, nawaambia, uongo mmoja haukai peke yake. Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ni Mama. Stoo ikipatikana wazi, ni Mama aliisahau. Tukaogopa atasahau gesi, tukamwondoa jikoni, yule mama aliyenipikia nikiwa siwezi hata kumeza mate. Akaanza kufunga mafundo kwa pembe na pindo za leso yake ili akumbuke mambo. Sisi tuliona yale mafundo tukatikisa vichwa.

Nami nikaja hapa. Nilishika hii maikrofoni, nikasema, "Naomba mmkumbuke mama yangu kwa maombi, akili imeanza kumpotea." Mkafunga macho. Kuna mmoja wenu alilia, namwona pale ameketi. Mimi pia nilifunga macho, na mdomoni nilikuwa bado na utamu wa asubuhi.

Tulipokaribia kupeleka mbuzi, kijana wangu alienda kuchukua jerikeni akakuta imebaki ya kupaka mkate. Alikasirika. Akamuuliza baba yake, baba akaniuliza mimi, sauti zikapanda. Mama alikuwa ameketi kwa stuli. Akasema, "Msigombane. Hiyo asali ni mimi nilikula. Sikumbuki nikiila, lakini kama hakuna mwingine, basi ni mimi. Mjukuu wangu, nimekuharibia siku yako. Nisamehe."

Kijana akashikwa na huruma, akamwambia nyanya yake, "Susu, ni asali tu."

Naye akasema, "Nirudisheni Kabati kabla sijaharibu kingine."

Mnafikiri nilisema ukweli hapo? Sikusema. Nilimpapasa mgongo nikamwambia, "Usijali, Mwaitu, uzee ni wetu sote." Nilimfariji kwa kosa langu. Nikikumbuka huo mkono wangu mgongoni mwake, hata sasa nikiwa hapa, nasikia aibu.

Asubuhi alikuwa anapanga nguo zake kwa begi. Akaniita, akaitandaza ile leso kitandani. "Kuja nikuachie haya, maana sijui nani atakukumbusha." Akaanza kufungua mafundo moja baada ya lingine. "Hili ni la dawa zako. Hili ni la yai lako, ukichelewa kulila unaanza kutafuta mkate. Hili ni la maji, nikuangalie usinywe ukila. Hili ni la jioni, nikuite twende kwa reli." Lilibaki moja ambalo lilikuwa limekaza, akalivuta kwa meno. "Na hili ni la kliniki. Umekosa kwenda, na mimi sitaki kukugombeza."

Nilidhani yale mafundo ni ya mambo yake. Miwani yake, dawa ya macho yake. Halikuwepo hata moja lake. Mtu niliyewaambia amepoteza akili alikuwa ameitumia yote kunikumbuka mimi.

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mwaitu, si wewe. Ni mimi niliyekula asali."

Hakunikumbatia, msije mkafikiri. Alikaa juu ya begi. "Na ile kufuli ya stoo, niliyosema nimefunga, mkasema sikufunga?"

"Uliifunga. Mimi ndiye niliyefungua."

"Kwa hivyo akili yangu iko?"

"Iko yote, Mwaitu. Nilikuwa naonja tu, halafu nikashindwa kusema."

Hapo ndipo alikasirika. "Jerikeni nzima haionjwi, mwana wakwa! Hiyo inaliwa!" Halafu sauti ikamshuka. Akasema, "Unajua nimekuwa nikilala nikitaja majina ya watoto wangu, mmoja mmoja, nione kama bado nayajua?"

Nikainuka pale chini.

Niliwaita mume wangu na kijana nikawaambia mbele yake. Kijana wangu alitoka nje akakaa huko kwa muda mrefu. Mama mwenyewe alienda Kabati akarudi na asali nyingine, mbuzi wakaenda, na ufunguo wa stoo sasa anauvaa shingoni. Naushukuru huo ufunguo. Lakini kanisani hakutaka kuja tena. Alisema, "Wale uliowaambia nimepotea, wananiangalia nikitafuta mahali pa kukaa kama mtoto. Wewe ndiye uliwaambia. Wewe ndiye utawaambia tena."

Nilirudi kliniki. Nilitegemea kutukanwa, lakini dada mmoja wa lishe pale aliniuliza tu nimekula nini, nikamwambia yote. Siku hizi nina sheria moja niliyojiongezea: kinachoingia mdomoni ni chakula, na chakula nakula nimekaa, mahali watu wananiona. Kusimama na kijiko mimi nimekataa. Kwa kibanda nina chupa ya maji na yai la kuchemsha, na ile saa ya jioni ambayo hamu hunishika, ndiyo saa ya kutembea. Kila wiki napanda mizani, hata ile wiki sitaki, hasa ile wiki sitaki. Uzito unashuka tena, polepole. Haujafika pale mlipopiga makofi. Kuna siku bado naanguka, lakini naanguka mezani, na Mama ananiona.

Na nyinyi nisaidieni. Najua kwetu mgeni akikataa chakula ni kama amekutukana. Nikija kwako usinisukumie chai ya sukari na uji. Nipe yai na kiti, tuongee. Nitakupenda vilevile.

Namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake. Nawashukuru madaktari, mume wangu, kijana wangu aliyenisamehe akiwa bado amenuna, na huyo dada wa lishe. Funzo langu ni dogo. Mwili wako ukikushinda, sema umekushinda. Usimpe mtu mwingine abebe, kwa sababu anayekupenda atabeba kweli, hata kama mzigo si wake.

Sasa geukeni muangalie pale mlangoni, yule mama mwenye leso ya manjano. Nilimsihi wiki nzima, na asubuhi hii amekubali kuja asimame hapo tu, asikie kama nitasema. Mlimwombea akili irudi. Haikuwa imeenda popote.

Mwaitu, nimewaambia. Ingia ukae.

Mwacheni atafute kiti mwenyewe. Makofi yangu mpeni yeye.