Kipuri cha Mfano

Ndani ya mtumbwi wa moteri unaovuka kwenda Lubunga, Hélène alikaa katikati ya wanaume wawili waliosemezana juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni gunia la mihogo.

"Ile usine kubwa ya kutengeneza malori iko faillite, imefungwa, redio ilisema," alianza Mohamadi, muuza vipuri. "Maelfu ya watu hawana tena kazi. Na mi nitauzisha nini?"

Sadrack, fundi wa kuchonga vyuma, alicheka. "Bon, ikufe! Kazi yangu itaongezeka. Kila pièce ya lori natengenezaka na mikono."

"Ukiangalia nini?"

"Ile ya usine, papa."

"Alors, ile ikiisha?"

"Nitaangalia ile nilitengeneza mwenyewe."

"Na kisha, utaangalia mutoto yake, na mujukuu yake?"

Hélène nusura acheke, ndipo akamkumbuka mumewe, aliye njiani kutoka Bafwasende na lori la kiwanda hichohicho, breki zake zimewekwa kipuri kipya juzi tu.

"Tonton," alimwuliza Sadrack, "pièce ya frein, mutu anajuaje kama ni ya usine ao ya kuchonga?"

Kwa mara ya kwanza wote wawili wakamtazama.

"Na macho, mama, hauwezi kujua," Sadrack alijibu kwa fahari.

Moteri ikazimwa. Mtumbwi ukagusa ukingo.