Pindo la Shati la Ardis Kolstad

Wapendwa, asanteni kwa kuja na baridi hii. Mimi ni Norman Tveit, mdogo wake marehemu. Nimeombwa kusoma wasifu huu kwa sababu shemeji yangu Duane amesema sauti yake haitafika mwisho wa ukurasa.

Marehemu Ardis Solveig Kolstad alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952, kwenye shamba la ngano la wazazi wetu, Einar na Borghild Tveit, nje ya mji wetu huu wa Ulvik, kaskazini mwa Montana. Yeye alikuwa kifungua mimba na mimi kitinda mimba. Katikati hapakuwa na mwingine, kwa hiyo amri zote za dada mkubwa zilinishukia mimi peke yangu.

Alisoma shule ya kijijini yenye chumba kimoja, kisha sekondari ya hapa mjini, akamaliza mwaka 1970. Lakini darasa alilolipenda lilikuwa banda la ndege la Mwalimu Verlin Stordahl, aliyenyunyizia dawa mashamba yetu kwa ndege ndogo asubuhi na kufundisha vijana kurusha ndege jioni. Ardis alimwoshea ndege kiangazi chote ili naye afundishwe.

Mnaolijua banda lile mnaijua desturi yake. Enzi za zamani mwalimu alikaa nyuma ya mwanafunzi, na kwa kelele za injini, akitaka kumwelekeza alimvuta shati. Ndiyo maana siku mwanafunzi anaporuka peke yake kwa mara ya kwanza, akishatua na kuzima injini, mwalimu humkata pindo la nyuma la shati. Hakuna tena wa kumvuta. Kitambaa huandikwa jina na tarehe, kikapigiliwa ukutani, na kuanzia hapo wewe ni rubani kati ya marubani.

Tarehe 14 Juni 1969 Ardis aliruka peke yake na kutua vizuri sana. Mwalimu akamfuata na mkasi mkononi. Akawatazama wanaume waliojaa pale, akaona haya kumkata shati binti wa watu, akaurudisha mkasi mfukoni. Akampa mkono na chupa ya soda.

"Mwalimu, na shati langu?" Ardis akauliza.

"Kunywa soda, binti. Baba yako ataniua."

Njiani kurudi nyumbani, nami nikiwa naye, hakusema neno, na dada yangu kunyamaza ilikuwa habari ya mjini. Tulipofika getini ndipo alipofungua mdomo: "Wavulana wanapewa ukuta, mimi napewa soda."

Mwaka 1975 alijiunga na jeshi la nchi kavu, akafunzwa helikopta huko Alabama, akawa mmoja wa wanawake wachache wa wakati ule walioruhusiwa kuzirusha. Alihudumu Ujerumani akibeba askari wagonjwa na majeruhi, akatoka jeshini mwaka 1984 akiwa kapteni. Aliporudi, serikali ya jimbo letu ilimwajiri rubani. Kwa miaka ishirini na minane alimwaga maji juu ya moto wa misitu, akahesabu swala wakubwa wa milimani wakati wa theluji, na akawatafuta watu waliopotea. Wengi wao wamo humu kanisani, na familia inawashukuru kwa kuja.

Januari 1997 alimtoa mlimani mwindaji mmoja aliyekuwa amevunjika nyonga. Tulipasuka mbavu kila aliposimulia. Yule bwana alipandishwa akiwa anatetemeka, akatazama huku na huku, akasema, "Mama, asante kwa blanketi. Sasa rubani yuko wapi? Tuondoke!"

"Ndiye huyo unayempiga kiwiko, baba. Tulia," Ardis akamjibu.

Mwishoni mwa wiki alifundisha kwenye banda lile lile, baada ya Mwalimu Verlin kupunguza kazi. Alikata mashati ya wavulana na ya wasichana. Kama kulikuwa na suala la heshima, dawa yake ilikuwa rahisi: mwanafunzi avae mashati mawili. Mara ya kwanza Mwalimu alipoona jambo hilo alikaa kwenye ndoo, akashika kichwa. Ardis hakumsema. Lakini ukuta ulijaa vitambaa vya wanafunzi wake, na cha kwake hakikuwepo. Iliniuma kila nilipoingia mle, na ninajua yeye ilimuuma zaidi.

Tarehe 21 Septemba 1985 alifunga ndoa na Duane Kolstad, fundi wa injini za ndege za jimbo. Uchumba wenyewe ulifanyika Duane akiwa ameingiza kichwa ndani ya injini.

"Ukinioa, utakuwa unanitengenezea ndege maisha yako yote," Ardis alimwonya.

"Kwani sasa hivi nafanya nini?"

Mungu aliwajalia watoto wawili, Karin na Leif.

Oktoba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Tunawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani kila siku, na kina mama wa kanisa walioleta chakula hadi jokofu likagoma kufungwa. Januari, Mwalimu Verlin, akiwa na miaka tisini na moja, alikuja kumwona. Alikaa pembeni ya kitanda, akatoa mkasi.

"Ardis, nilikosea. Niliogopa maneno ya watu. Naomba nikate leo."

Dada yangu akautazama ule mkasi. "Umechelewa sana, mzee."

"Najua, binti."

"Basi subiri kidogo tena. Rubani hakatwi shati kabla hajatua, wewe ndiye uliyenifundisha. Kuna safari naenda peke yangu, hakuna mwalimu nyuma. Nikitua, njoo na huo mkasi. Na usije na soda."

Walicheka wote wawili mpaka nesi akachungulia. Kisha Mwalimu akalia, na Ardis akamshika mkono.

Alituacha nyumbani kwake tarehe 9 Machi 2024, alfajiri, Duane akiwa amemshika.

Marehemu ameacha mume, Duane, watoto, Karin na Leif, wajukuu watatu, mimi mdogo wake na mke wangu Joyce, na wanafunzi waliotapakaa angani kila upande.

Haya ya mwisho hayamo kwenye programu mliyoshika, maana yametokea leo asubuhi. Kabla sanduku halijafungwa, Duane na mimi tulimwinua dada yangu. Amevaa shati lake la kazi, kama alivyoagiza. Mwalimu Verlin akatoa mkasi, Karin akataka kumsaidia, akakataa. Alikata mwenyewe, polepole, moja kwa moja. Akaandika jina. Kwenye tarehe alisita, akatuuliza aandike ipi, ile ya Juni 1969 au ya Machi hii. Duane akasema, "Zote mbili."

Tukitoka makaburini, kabla ya kahawa, tutapitia bandani. Msumari na nyundo viko tayari, na nafasi ipo katikati ya ukuta.

Pumzika, dada. Umetua salama, na hakuna tena wa kukuvuta shati.