Kidole Gumba cha Mtu wa Kambove

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wa mtaa wetu, Bwana Mkurugenzi wa shule yetu, walimu wangu wapendwa, baba zetu na mama zetu mliofunga maduka mapema ili mfike hapa, wageni mliotoka Kambove, na wewe mama uliyetoka mbali zaidi, wanafunzi wenzangu, nawe Mwalimu Donat, ambaye kwa ajili yako viti hivi vimepangwa: nawasalimu wote kwa heshima.

Jina langu ni Alima, binti wa Sumaili, fundi wa nguo wa Kamalondo. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wanafunzi waliokuwa wakibaki shuleni kila Jumamosi baada ya masomo, kusikiliza muziki pamoja na Mwalimu Donat. Leo Mwalimu anastaafu, na anakwenda kuishi kwa watoto wake Likasi. Gramafoni yake inakwenda naye. Lakini gitaa lake, lile mnaloliona mezani, amesema angependa libaki kwangu, ikiwa baba yangu atakubali. Baba yangu ameketi pale karibu na dirisha. Mpaka ninapopanda hapa, hajasema ndiyo wala hajasema hapana.

Sisemi hivyo ili kumsukuma mbele ya watu. Nasema kwa sababu shukrani zangu zote za leo zinapita katika gitaa hilo, na nisingeweza kuzitoa huku najifanya silioni.

Ndugu wageni, wengi wenu mnamjua Mwalimu Donat kwa jiografia. Mnajua ramani zake na fimbo yake ndefu ya kuonyeshea mito. Lakini ni nani kati yenu anayejua kanuni yake ya Jumamosi? Katika chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kusema wimbo ni mzuri au mbaya kabla hajaeleza kila mkono unafanya nini. Kidole gumba kiko wapi? Kinatembea au kinaruka? Kile kidole cha pili kinamjibu mwenzake, au kinamkatiza? Mwanzoni tulikasirika. Tulitaka kucheza dansi, naye alitutaka tusikilize. Baadaye tulianza kusikia vitu ambavyo vilikuwa vikipita masikioni mwetu tangu utotoni, katika kila bar na kila harusi ya mtaa wetu, bila sisi kuvipokea.

Siku moja rafiki yangu Marie-Thérèse alileta sahani ya santuri ambayo kaka yake aliinunua Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kwenye soko la vitu vilivyotumika. Karatasi ya katikati ilikuwa imefutika, kwa hiyo hatukujua jina la mpigaji. Upande mmoja ulikuwa na mikwaruzo mingi, na Mwalimu akakataza tusiuguse, maana sindano za gramafoni ni adimu. Tukapiga upande mzuri tu. Hakukuwa na sauti ya mtu. Lilikuwa gitaa peke yake: kidole gumba kikitembea chini kama mtu anayekwenda kazini bila haraka, na juu yake kidole kimoja kikicheza kama mtoto anayemzungukazunguka.

Wengine walibisha kwamba wale ni watu wawili. Tukasikiliza tena, mpaka tukakubaliana kwamba ni mtu mmoja. Kisha swali likawa jingine: ni nani? Maana kupiga kwa kidole gumba na kidole kimoja ndiko kupiga kwetu, hapa Katanga. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu huyo angeweza kutoka kwingine.

Tukaanza kumtafuta. Mwalimu alibeba gramafoni, nasi tukamfuata katika mitaa ya Kamalondo, mlango kwa mlango. Muuza sahani mmoja alisikiliza kidogo tu, akatikisa kichwa kama anayetuonea huruma. "Ule ni muntu ya Kambove," akasema. "Kidole ya muntu ya Kambove inajulikana. Mutafute Jeannot."

Likizo ilipofika Mwalimu akatupeleka Kambove. Mzee Jeannot yuko hapa leo, na atanisahihisha nikikosea. Alikuwa ametoka zamu mgodini, bado hajavua viatu. Alisikiliza sahani yote akiwa amesimama. Mwishowe akasema, "Hapana, haiko miye. Weka tena." Mke wake alikuwa akichambua mboga mlangoni, akatuambia tumwamini tu, kwa maana kama angalipiga vile zamani za uchumba, yeye asingalimkataa mara ya kwanza. Mzee akaenda ndani bila kujibu, akarudi na gitaa lake, akampigia jibu. Sijawahi kuona mwanamke akiacha mboga kwa furaha namna ile.

Basi hatukumpata mtu wa sahani, lakini tulimpata Mzee Jeannot, ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa katikati ya sahani yoyote. Na yeye akatuambia kwamba kama tunatafuta mikono mizuri, tusiishie kwake. Kule Kilwa, ziwani, alimsikia harusini mwanamke muuza samaki, Mama Julienne, na tangu siku ile yeye mwenyewe alibadilisha namna ya kushika nyuzi.

Tuliporudi, Marie-Thérèse akauliza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria: je, kama mpigaji amelitaja jina lake upande wa pili? Mwalimu akaiangalia sindano, akatuangalia sisi, kisha akaigeuza sahani. Kwanza tulisikia mikwaruzo. Halafu kidole gumba kile kile. Halafu mwanamume akafungua kinywa na kuimba kwa Kiingereza, sauti yake ikivunjika na kuruka juu kama mlio wa jogoo mchanga.

Mama yake Marie-Thérèse, aliyekulia Kitwe, alikuwa amekuja kumchukua binti yake. Akasimama mlangoni akasema, "Hee, ule muntu yenu ya Kambove anasema Kingereza muzuri sana."

Tulicheka, na Mwalimu alicheka kuliko sisi sote, akakubali kwamba kosa ni la yule aliyeogopa kuharibu sindano. Kisha akamwomba yule mama atueleze maneno. Akatueleza kwamba ni Mmarekani, na muziki wake unaitwa kantri, yaani muziki wa watu wa mashambani na milimani. Mtu yule anaimba kwamba baba yake alikuwa akishuka kwenye mgodi wa makaa kabla ya alfajiri na kurudi giza limeingia, hata mtoto akamjua baba kwa kikohozi chake kabla hajamjua kwa uso wake.

Wengi wa wenzangu ni watoto wa mgodi, wageni waheshimiwa. Je, nani angeweza kuwaambia sasa kwamba tulikosea kabisa tulipomtafuta mtu huyu Kambove?

Jina lake hatulijui mpaka leo. Tangu siku ile tumesikiliza wengi wa kwao, Jumapili mchana, redio ya ng'ambo ya mpaka inapopiga nyimbo zao: wenye fidla, wenye gitaa la kuteleza linalolia kama mtu anayeita kutoka ukingo wa pili wa mto. Kanuni ni ile ile. Kwanza mikono, ndipo maoni. Wapo tuliowaacha, na wapo tunaowangoja wiki nzima.

Sasa nifike nyumbani kwetu. Mwalimu alipoanza kunifundisha kupiga, na si kusikiliza tu, nilimweleza baba. Baba yangu hapendi kelele, wala hafichi anachofikiri. Alisema, "Gitaa iko kintu ya bar. Mutoto wangu hataingia mu bar, na bar haitaingia mu nyumba yangu." Nilimwelewa. Duka letu liko kati ya bar mbili, na yeye huona kila siku mambo ambayo baba hapendi binti yake ayaone. Sikubishana naye. Nilipiga hapa shuleni tu, kama alivyoniruhusu, mpaka mwisho wa mwaka.

Mwezi uliopita Mama Julienne wa Kilwa alifika mjini na samaki wake wakavu, baada ya barabara ile ambayo nyote mnaijua. Tulikuwa tumemtumia salamu. Alihitaji kushonewa blauzi, nikampeleka kwa baba. Gitaa lake lilikuwa mgongoni mwa mumewe, aliyefuatana naye. Baba alichukua vipimo, akashika kitambaa, kisha akauliza polepole kama mume wake anakubali jambo hili. Mama Julienne akajibu, "Papa Sumaili, ni yeye anabebaka gitaa. Miye nabebaka samaki."

Akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akapiga. Wimbo ulikuwa wa mtoto asiyetaka kulala kwa sababu mashua ya mama yake haijarudi. Baba alikuwa akishona. Baada ya muda mguu wake ukasimama. Mama Julienne akadhani amemsumbua kazini, akanyamaza. Baba akasema, "Endelea, mama. Mashini itangoja."

Wimbo ulipokwisha, akarudi kwenye mashine yake.

Mwalimu Donat, ulitufundisha kwamba mtu wa kusikilizwa anaweza kuwa mlimani Amerika, mgodini Kambove, au nyuma ya kikapu cha samaki, na kwamba hatutamjua kama tunaharakisha kusema tunapenda au hatupendi. Asante. Mzee Jeannot na mke wako, asanteni. Mama Julienne, asante kwa kukaa dukani kwetu.

Na baba yangu, asante kwa kusimamisha mashine. Jana jioni uliniuliza swali moja tu, bila kuinua macho: gitaa la Mwalimu lina urefu gani, na kiuno chake kina upana gani, maana kitu kama hicho hakipiti barabarani wazi, vumbi litakiharibu, kinataka mfuko wa turubai wenye bitana. Usiku kucha nililifikiria swali lako, na asubuhi nikakuona ukitia futi yako ya kupimia mfukoni kabla hatujatoka.

Baba, gitaa liko pale mezani. Mwalimu anakungoja. Karibu upime.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu mliyoniazima. Asanteni sana.