Shukrani za Wafukia Makumbi kwa Mwalimu Mabrouk

Mheshimiwa Mudir, Bwana Sheha Hasan, walimu wa skuli hii, wageni wetu mliotoka mjini alfajiri kwa gari ya shamba mkafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, wazee wangu, na nyinyi wanawake wenzangu wa Jambiani mliokaa nyuma kule kana kwamba shughuli hii haikuhusuni: assalamu alaykum.

Mimi ni Mwanamwema binti Mcha. Skuli sikusoma. Nilisoma chuoni, Kurani, nikafika juzuu amma, nikatolewa kwenda kupiga makumbi. Kwa hivyo msiningojee maneno ya kitabuni. Leo tunamuaga Mwalimu Mabrouk, anayekwenda Uingereza kuongeza elimu, na nilisema nitamuaga mimi, kwa sababu katika kijiji hiki hakuna aliyemuudhi kunishinda.

Alikuja mwaka juzi, kijana wa Malindi ya mjini, mwalimu wa jiografia, suruali imepigwa pasi, akasema anataka kujua bahari inaila ardhi yetu kwa kiasi gani. Nani alimsikiliza? Wanaume mlimpa kahawa, mkaitikia "naam, naam," mkaenda zenu. Yeye akachomeka vijiti pwani, arobaini, safu moja, tangu kwenye majani mpaka topeni, akawa anakuja kila mwezi kuvipima.

Wageni hamjui, nikuelezeni. Sisi wanawake wa hapa tunafukia makumbi ya nazi katika tope la pwani. Yakae miezi sita yaoze, ndipo tuyafukue, tuyapige, tupate usumba wa kusokotea kamba. Kila mwanamke ana shimo lake, kalizungushia mawe, kachomeka kijiti. Ukiona kijiti, jua pana mwenyewe. Sasa tulikuwa tumeyaacha makumbi yaoze, miezi hatukushuka pwani upande ule, na siku tuliyotoka msibani Makunduchi mwenzangu Kazija ndiye aliyeviona kwanza vijiti vile.

"Mwanamwema, njoo utazame! Mtu wa mjini kajitwalia mashimo arobaini!"

"Arobaini? Kamba yote hiyo atamfunga nani?"

"Atatufunga sisi."

Tukaving'oa. Vyote, mimi na yeye. Hatukuuliza mtu. Nikavitia jikoni, na nakwambieni kweli, viliwaka vizuri. Kazi ya miezi mitano ya mtoto wa watu ikaishia chini ya chungu cha muhogo.

Alipokuja mlangoni kwangu nilikuwa nshapanga maneno yangu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Kama umefuata vijiti vyako, nshavipikia. Pwani ile ina shimo langu." Akakaa barazani, kajishika kichwa. Nikangoja anitukane, au aende kwa Mudir kunishitaki. Yeye akawa anaitazama kamba niliyokuwa nikisokota, mpaka mimi nikaanza kuona haya, nami haya si tabia yangu. Halafu akauliza, "Bibi, hilo shimo lako lilikuwa la mama yako?"

"Hapana. La mama lilikuwa mbele zaidi. Sasa liko majini."

"Na la bibi yako?"

"Mbele tena."

Akainuka kama aliyeumwa na siafu. "Unaweza kunionesha?"

"Kwani mimi kipofu?"

Siku ya bamvua maji yalipotoka mbali, tukashuka wanawake kumi na tisa naye. Alikunja suruali yake ya pasi, akajikata unyayo kwa gamba la chaza, akazidi kwenda. Kila mmoja akamwonesha mawe ya mama yake na ya bibi yake, naye akaandika majina yote, ya wazima na ya marehemu, akapima kwa kamba tuliyoisokota wenyewe. Maana mwanamke hafukii makumbi popote. Anafukia pale tope linapokutana na mchanga, na mpaka ule ukirudi nyuma, naye anarudi nyuma. Kutoka shimo la bibi yangu hadi langu, hatua arobaini na moja. Mwalimu alisema vijiti vyake vingempa habari ya miaka miwili, mashimo yetu yamempa miaka sitini. Haya kayasema yeye, wala simsingizii, ila nayarudia kwa sababu yananipendeza.

Mwezi uliopita ramani ya Mwalimu ikabandikwa ukutani hapa. Mliiona nyote, ila mimi ramani sijui kuisoma. Mliuona mstari mwekundu wa mahali bahari itakapofika, mkaona umepita katikati ya nyumba yangu. Nani aliniambia? Nikipita mnanyamaza. Wewe Bwana Sheha uliniuliza habari za mbuzi wangu. Mbuzi sina!

Aliyeniambia ni huyu. "Bibi, nyumba yako haitafika miaka kumi. Pengine minane." Nikamwambia nyumba hii kaijenga mume wangu Silima kwa mikono yake, Mungu amrehemu, na nimezaa humu watoto saba, toka. Akatoka. Kesho yake akarudi, nikamfukuza. Mara ya tatu akasimama uani, mvua inamnyeshea, akasema, "Nitukane, bibi, ni haki yako. Lakini siwezi kupanda meli nikakuacha hujui."

Nikuulizeni, enyi majirani zangu wa miaka hamsini: mapenzi ni yapi? Ni kunionea huruma nyuma ya mlango, au ni kunyeshewa mvua kwa ajili ya bibi kizee aliyekuunguzia kazi yako? Mwalimu, nakushukuru. Umetuuliza kitu tunachokijua, ukakiandika kwa majina yetu, na ukanipa miaka minane ya kujitayarisha ambayo ningeilala usingizi. Mama aliyekuzaa hakupata hasara.

Nami nimekubali, nahama. Bwana Sheha, kiwanja cha nyuma ya barabara utanionesha leo, kabla pilau haijaliwa. Jumamosi wanaume wote nawataka kwangu mapema, mtoe makuti, mshushe boriti. Mlango alioutia Silima asiuguse mtu, nitauchukua mimi na binti zangu. Na nyumba mbili zinazofuata yangu, mnajijua, msingoje Mwalimu arudi kutoka Uingereza kukwambieni tena.

Mwalimu Mabrouk, nenda na salama, urudi na salama. Nyinyi nyote nakushukuruni kwa masikio yenu. Jumamosi nitataka mikono.