Elsa Constantino Likunda, Mshona Maboya ya Wagonjwa

Elsa Constantino alizaliwa tarehe 9 Novemba 1964 kijijini Kitaya, wiki chache baada ya wazazi wake kuvuka mto Ruvuma wakikimbia vita. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza kuzaliwa upande huu wa mto.

Alimaliza shule ya msingi hapohapo Kitaya mwaka 1979, akasomea uuguzi, kisha akahudumu hospitalini mjini Mtwara, katika chumba cha mazoezi ya viungo, hadi alipostaafu. Huko aliona watu waliopooza wakirudishwa nyumbani kwenda kulala tu. Hilo lilimkera. Akaanza kushona mikanda ya turubai, akiijaza maboya ya nyavu, na kuwaingiza wagonjwa katika maji ya kifuani pale Shangani, bahari ikiwa imetulia.

Mara ya kwanza alikosea. Alikadiria uzito wa mwili, akasahau nguo. Akina mama wa Shangani huingia baharini wamevaa kamili. Dera la Mwanahamisi, mgonjwa wake wa kwanza, lilipolowa, ukanda ulishindwa, naye akazama hadi puani.

"Elsa, umeniletea mazoezi au mazishi?" alifoka, akitema maji ya chumvi.

"Mazoezi, dada. Mazishi yana watu wake."

Tangu hapo kila mgonjwa alikuja na nguo yake, Elsa akailoweka kwenye ndoo na kuinyanyua kwa mkono kabla ya kukata turubai.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Innocent Likunda, fundi uashi wa Chuno. Mwaka 2018 Innocent alipata kiharusi kilichoua upande wa kulia. Nchi kavu hakuweza kusimama. Majini, akiwa na maboya makwapani na mkono wa mkewe chini ya shingo, mguu ulinyooka na maumivu yakamwachia. Hiyo ndiyo ilikuwa nafuu yake pekee, na hakukubali mkono mwingine.

Kwa hiyo Elsa alipogundulika kuwa na saratani ya ini Septemba 2024, hakuuliza atakufa lini. Aliuliza nani atamshika Innocent. Binti yao Doris alijaribu; baba yake alikaza mwili, akamwita mkewe mpaka wakamtoa.

Januari, akiwa hawezi tena kutembea, Elsa aliagiza abebwe juu ya kiti hadi ufukweni. Innocent, akiwa majini na Doris, alizungusha shingo akimtafuta.

"Mgeuze aelekee baharini," Elsa alisema. "Asinione."

"Mama, atalia."

"Alie. Wewe usimwachie."

Alilia sana. Halafu, taratibu, mguu ukanyooka.

"Haya, nirudisheni nyumbani," Elsa alisema.

Alifariki Jumanne, 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, katika maumivu ambayo dawa hazikuyaweza. Doris na baba yake walikuwa majini. Innocent aliambiwa alipokwisha kukaushwa.

Ameacha mume, watoto wawili, Doris na Constantino, wajukuu wanne, na dada yake Helena wa Kitaya.

Mungu aipokee roho yake, na mwili wake uliochoka upumzike sasa.